Mtoto akichunga mbuzi, wewe chunga afya yake

Ukivuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, ukapita Kongowea na Bamburi, kisha ukaiacha barabara kuu ya Malindi na kuingia ndani kuelekea bara, utaona nyumba za ghorofa zikipungua na minazi, miembe na mikanju ikizidi. Hapo ndipo Mwakirunge, sehemu ya Kisauni. Watu wengi wa mjini huijua Mwakirunge kwa sababu ya jalala la taka. Ni wachache wanaojua kwamba huko kuna familia zinazolima muhogo na mahindi na kufuga ng'ombe, mbuzi na kuku kama walivyofanya babu zao, ilhali taa za jiji zinaonekana kwa mbali usiku.

Nilikwenda huko Jumamosi moja asubuhi kwa mwaliko wa nyanya ya mgonjwa wangu mmoja. Sikwenda kutalii. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimekosea, na nilitaka kuona kwa macho yangu kile ambacho ningepaswa kukiuliza mapema.

Homa iliyonipiga chenga

Mgonjwa huyo ni mvulana wa miaka 11. Alipoletwa kwangu mara ya kwanza alikuwa na homa, maumivu ya kichwa na jasho jingi usiku. Nilimpima malaria, lakini damu yake haikuwa na vimelea. Kipimo cha homa ya matumbo kilionyesha dalili hafifu, nami nikamwandikia dawa za homa hiyo. Alipata nafuu kwa siku chache tu.

Wiki mbili baadaye alirudi na homa ile ile. Nilibadilisha dawa. Mara ya tatu alikuja akichechemea, nyonga ya kushoto ikimuuma hata akashindwa kupanda ngazi mbili za mlangoni. Alikuwa amepungua uzito, na alikuwa amekosa shule kwa karibu mwezi mzima.

Ndipo nilipouliza swali ambalo daktari anapaswa kuliuliza siku ya kwanza. "Mama, nyumbani mna mifugo?"

Nyanya yake alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama kwao kuna maji. "Mwanangu daktari," akasema, "mbuzi ndio wanaomsomesha huyu. Na mchungaji wao ni yeye mwenyewe."

Nilimpeleka mtoto katika hospitali kubwa ambako alifanyiwa vipimo kamili. Majibu yalipokuja yalithibitisha kwamba alikuwa na bruselosi, ugonjwa ambao watu wengi huuita brusela. Kosa halikuwa la nyanya wala la mtoto. Lilikuwa langu mimi niliyemtibu mtoto bila kuuliza anaishi vipi.

Kazi kabla ya jua kuchomoza

Nilipobisha hodi saa moja asubuhi, kazi nyingi zilikuwa tayari zimekwisha. Boma lina nyumba mbili za udongo zilizoezekwa makuti, zizi la mbuzi lililozungushiwa vijiti, ng'ombe watatu wa kienyeji waliofungwa chini ya mwembe, na kuku wasiohesabika wakipekua majani. Nilimwamkia nyanya shikamoo, akaniitikia marahaba na kunivutia kiti kivulini.

Katika boma hilo kila mtoto ana mnyama wake. Msichana wa miaka 9 ndiye mwenye kuku. Yeye huwafungulia asubuhi, huokota mayai na kuyahesabu, na anajua ni tetea gani anayeatamia na amebakisha siku ngapi. Mvulana mgonjwa wangu ana mbuzi. Mdogo wao wa miaka 4 bado hajakabidhiwa kitu, lakini nilimkuta amekumbatia mwana-mbuzi mchanga, akimbusu mdomoni.

Niliambiwa kwamba hiyo ndiyo desturi. Mtoto hupewa mnyama akiwa mdogo, na mnyama akizaa, mzao mmoja huwa wake. Mbuzi akiuzwa, pesa hununua sare, madaftari na viatu. Kwa njia hiyo mtoto hujifunza kuamka mapema, kuhesabu, kuvumilia na kuhurumia. Hakuna darasa mjini linalofundisha hayo yote kwa pamoja.

Usidhani jambo hili ni la Mwakirunge peke yake. Likoni, ukishuka feri na kuelekea Mtongwe, utaona mbuzi na ng'ombe nyuma ya nyumba. Changamwe utakuta kuku na mbuzi wakipita katikati ya nyumba za kupangisha. Na hata kama wewe unaishi ghorofani, mtoto wako huenda akatembelea kwa babu wakati wa likizo, akapelekwa kuona mifugo katika Maonyesho ya Kilimo pale Mkomani, au akaingia katika klabu ya 4K shuleni. Klabu hizo zilifufuliwa mwaka 2021 na baadhi yazo hufuga sungura na kuku. Kwa hiyo maneno haya yanakuhusu.

Faida ni kubwa

Kabla ya kuzungumzia magonjwa, ni haki tuzungumzie faida, maana baadhi ya wazazi wa mjini wakisikia neno ugonjwa hukimbilia kumfungia mtoto ndani.

Kwanza ni chakula. Kati ya mwaka 1998 na 2000, watafiti walifanya uchunguzi katika shule 12 za Embu hapa Kenya. Watoto wa baadhi ya shule walipewa githeri iliyoongezwa nyama, wa nyingine githeri pamoja na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa chochote shuleni. Waliokula nyama waliendelea vizuri zaidi katika baadhi ya majaribio ya akili na walikuwa wachangamfu zaidi wakati wa kucheza. Waliopewa maziwa, hasa wale wadogo na waliokuwa wamedumaa, waliongezeka kimo. Nyama, maziwa na mayai vina protini bora, madini ya chuma na zinki, na vitamini B12 ambayo haipatikani katika mahindi wala maharagwe.

Pili ni kinga ya mwili. Kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya wameona kwamba watoto wanaokulia karibu na zizi hupata pumu na mizio kwa uchache kuliko wenzao. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliolinganisha jamii mbili za wakulima huko Marekani, Waamishi na Wahutteri. Asili yao inakaribiana, lakini Waamishi hufuga kwa njia za kale na watoto wao huingia zizini tangu utotoni, ilhali Wahutteri hutumia mitambo na mazizi yao yako mbali na nyumba. Pumu ilipatikana kwa kiasi cha asilimia 5 ya watoto wa Kiamishi, na kwa kiasi cha asilimia 21 ya watoto wa Kihutteri. Inaelekea kwamba vumbi la zizi huifundisha kinga ya mtoto kutofautisha adui na asiye adui.

Hata hivyo, elewa vizuri. Watafiti hao hawakusema mtoto anywe maziwa mabichi. Vumbi la zizi ni jambo moja, na bakteria wa bruselosi ni jambo jingine.

Ugonjwa huu ni upi?

Bakteria wa bruselosi waligunduliwa mwaka 1887 na daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, katika kisiwa cha Malta ambako askari walikuwa wakiugua homa isiyoisha. Hakuna aliyejua ilikotoka mpaka mwaka 1905, ambapo daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, aliwapima mbuzi na kuwakuta na maambukizo. Mbuzi hao walionekana wazima kabisa. Maziwa yao ndiyo yaliyokuwa yakiwaangusha askari.

Hali hiyo ndiyo iliyopo hata leo. Mbuzi au ng'ombe mwenye bruselosi huweza kula vizuri na kunenepa. Dalili kubwa ni kutupa mimba, hasa miezi ya mwisho, au kuzaa ndama au mwana-mbuzi dhaifu. Bakteria hujaa katika maziwa, katika maji ya uzazi na katika kondo la nyuma.

Binadamu huambukizwa kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni kunywa maziwa mabichi au vitu vilivyotengenezwa kwayo. Ya pili ni kushika kondo, damu au mimba iliyotoka, hasa ukiwa na mkwaruzo mkononi. Ya tatu ni kuvuta hewa yenye bakteria unapofagia zizi ambamo mnyama ametupa mimba. Kuambukizana mtu na mtu ni nadra sana, kwa hiyo usimtenge mgonjwa.

Dalili huanza baada ya wiki moja hadi nne, na mara nyingine baada ya miezi kadhaa. Mgonjwa hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu, kukosa hamu ya kula, na maumivu ya mgongo au viungo. Kwa watoto, nyonga na magoti huuma mara kwa mara, na mtoto huanza kuchechemea. Mwanamume anaweza kuvimba korodani. Mjamzito anaweza kupoteza mimba. Ukiachwa bila tiba, ugonjwa huweza kuingia katika uti wa mgongo au moyo.

Tiba ipo na inaponya. Lakini huhitaji dawa mbili au zaidi kwa pamoja, na kwa kawaida muda wake si chini ya wiki sita. Hapa ndipo wengi hukosea. Homa ikishuka baada ya siku kumi, dawa huwekwa kabatini, na baada ya mwezi ugonjwa hurudi. Aina ya dawa pia hutegemea umri wa mtoto, kwa hiyo usimpe mtoto dawa za jirani.

Vipimo visikudanganye

Kuna tahadhari nyingine ambayo ni lazima niitoe, maana baada ya kusoma makala haya wengine watakimbilia maabara ya kwanza wanayoiona. Utafiti uliofanyika hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kipimo cha haraka kilichotumiwa sana katika vituo vya afya hutoa majibu yasiyoaminika. Watu wengi walioambiwa wana brusela hawakuwa nayo, na walimezeshwa dawa za wiki kadhaa bure huku ugonjwa wao halisi ukiendelea.

Kwa hiyo wapo wagonjwa wa bruselosi wanaotibiwa malaria na homa ya matumbo, kama nilivyofanya mimi, na wapo wasio na bruselosi wanaotibiwa bruselosi. Dawa ya makosa yote mawili ni moja: mwambie daktari habari kamili. Mwambie mnafuga nini, mnakunywa maziwa ya aina gani, na kama kuna mnyama aliyetupa mimba. Asipokuuliza, mwambie tu. Kisha uliza kama kuna kipimo cha pili cha kuthibitisha kabla ya kuanza dawa.

Mate ya mbuzi na maziwa "yaliyokufa"

Tulipokaa na nyanya kivulini, nilimuuliza maziwa hunywewa vipi. Alisema ya chai huchemshwa pamoja na chai. Lakini mchunga mbuzi ana haki yake: anapokamua alfajiri, hujimiminia kikombe cha kwanza yakiwa na joto la kiwele. Isitoshe, maziwa ya kugandisha hutiwa kibuyuni yakiwa mabichi.

"Ukiyachemsha yanakufa," nyanya aliniambia. "Sisi tumeyanywa hivyo na tumezeeka."

Sikubishana naye kwa ukali, kwa sababu anachosema kina chembe ya ukweli. Kuchemsha hupunguza baadhi ya vitamini. Lakini protini, mafuta na madini ya chokaa yanayojenga mifupa hubaki. Kinachokufa hasa ni bakteria wa bruselosi, wa kifua kikuu cha ng'ombe, na wa kuhara. Viwandani maziwa hupashwa moto wa nyuzi 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa nusu saa. Nyumbani hatuna kipimajoto, kwa hiyo njia rahisi ni kuyaacha yachemke na kupanda, kisha uyaepue.

Na maziwa ya kugandisha je? Uchachu wake hautoshi kuua bakteria hawa kwa uhakika, na kuyaweka kwenye friji pia hakuwaui. Chemsha kwanza, yaache yapoe, kisha tia kijiko kimoja au viwili vya mala iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Yataganda vizuri, na ladha yake ni ile ile. Nyanya alisema atajaribu kibuyu kimoja.

Nilipomuuliza mvulana kuhusu uzazi wa mbuzi, alinyoosha mikono yake kwa fahari. Yeye ndiye mkunga wa zizi. Miezi michache kabla ya kuugua, mbuzi wawili walikuwa wametupa mimba, naye alivizoa vilivyotoka kwa mikono mitupu na kuvitupa vichakani, ambako mbwa alivimaliza. Hapo nilipata jibu la maradhi yake yote.

Mbwa wa nyumbani

Mbwa huyo alikuwa amelala karibu na mlango. Ni mbwa mpole, na mtoto wa miaka 4 humpanda mgongoni. Nilipouliza kama amechanjwa, watu wote walinyamaza.

Msomaji, bruselosi hudhoofisha, lakini kichaa cha mbwa huua. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, hata akipelekwa hospitali gani. Duniani inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia, na kiasi cha watu 4 kati ya kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa. Kenya ilizindua mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu mwaka 2014, ukilenga kufanikiwa ifikapo mwaka 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau mbwa 7 kati ya kila 10.

Mtoto akiumwa, au akilambwa na mbwa kwenye kidonda, fanya haya bila kuchelewa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usitie pilipili, mafuta ya gari, majani wala kahawa. Usilishone jeraha. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akaanzishiwe chanjo, na uhakikishe amerudi kwa tarehe zote alizopangiwa. Jeraha likiwa kubwa, au likiwa kichwani, usoni au mikononi, huenda akahitaji pia sindano ya kinga ya haraka inayochomwa pale penye jeraha. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Tena, mwambie mtoto tangu leo kwamba akiumwa hatapigwa. Watoto wengi huficha jeraha kwa kuogopa kukaripiwa, na siri hiyo imegharimu maisha.

Kuku ndani ya nyumba

Usiku kuku wa boma hilo huingizwa katika chumba wanacholala watoto, kwa kuwa kicheche na wezi hawalali. Ninaelewa sababu. Lakini kinyesi cha kuku kina bakteria wanaoleta kuhara, na mtoto anayetambaa hupeleka kila kitu mdomoni. Kuhara mara kwa mara, hata kusiko kukali, hudumaza mtoto. Utakuta familia ina mayai na bado mtoto hakui, kwa sababu utumbo wake haupumziki.

Banda dogo la mbao lililoinuliwa kutoka ardhini na kufungwa kwa komeo laweza kujengwa pembeni mwa nyumba. Si lazima liwe la gharama. Mjomba wa watoto hao, ambaye ni fundi seremala Kiembeni, aliahidi kulijenga kwa mabaki ya mbao zake.

Nilitazama pia miguu ya watoto. Yule mdogo alikuwa na funza watatu kwenye vidole. Funza huzaliana katika mchanga mkavu wa sakafu na zizi, na huingia mwilini mwa mbwa, nguruwe na mbuzi kama waingiavyo kwa watu. Kuwachokoa kwa pini moja inayozungushwa kwa watoto wote ni kualika pepopunda na maradhi mengine ya damu. Kituo cha afya kina dawa ya kupaka. Mwagia sakafu ya udongo maji na uifagie kila siku, na mvishe mtoto viatu anapoingia zizini.

Mvua ikizidi

Mwaka 2015 wataalamu wa afya ya binadamu na ya mifugo nchini walikaa pamoja wakapanga magonjwa ya wanyama yanayostahili kuangaliwa kwanza. Matano ya mwanzo yalikuwa kimeta, ugonjwa wa malale, kichaa cha mbwa, bruselosi na homa ya Bonde la Ufa.

Homa hii ya mwisho hufuata mvua kubwa, kwa sababu mbu wanaoieneza huzaliana katika maji yaliyotuama. Mwishoni mwa mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007, baada ya mafuriko, ilizuka Garissa na kuenea hadi sehemu za Pwani, na watu zaidi ya 150 wakafa nchini. Ukiona mvua imezidi na mbuzi, kondoo au ng'ombe wengi wanatupa mimba kwa pamoja, mjulishe afisa wa mifugo, na usichinje mnyama mgonjwa.

Kuhusu kimeta, kanuni ni fupi. Mnyama aliyekufa ghafla huku damu ikimtoka puani au nyuma asipasuliwe, asiliwe, wala ngozi yake isichunwe.

Kanuni za boma lenye watoto

Mpenzi msomaji, hizi ndizo kanuni nilizomwachia nyanya, nawe unaweza kuzikata na kuzibandika ukutani.

Chemsha maziwa yote, pamoja na ya kugandisha.

Mbuzi au ng'ombe anapozaa au kutupa mimba, kazi hiyo ni ya mtu mzima aliyevaa glavu. Kama hakuna glavu, mifuko miwili ya plastiki isiyotoboka itafaa. Kondo lichomwe au lizikwe shimo refu mbwa wasikofikia. Mjamzito na watoto wakae mbali.

Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumshika mnyama na kabla ya kula. Mtungi wenye bomba karibu na zizi hutosha. Mtoto asimbusu mnyama mdomoni, na asile chochote akiwa zizini.

Mbwa na paka wachanjwe kila mwaka. Chanjo za mtoto mwenyewe pia zikamilishwe, ikiwemo ya pepopunda.

Mnyama akidungwa dawa ya viuavijasumu, maziwa na nyama yake visitumiwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.

Kazi ya mifugo isiibe shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka kila mtoto awe darasani. Kufungulia kuku kabla ya kwenda shule ni malezi, lakini kukosa masomo ili kuchunga ni kumnyang'anya mtoto kesho yake.

Wewe unayemtembeza mtoto shambani, mtazame kwa karibu hasa akiwa chini ya miaka 5, na ubebe sabuni.

Beberu hana kosa, lakini...

Limebaki jambo moja. Baada ya mvulana kuthibitishwa kuwa na bruselosi, afisa wa mifugo alikuja akawatoa damu mbuzi wote 14. Wawili walipatikana na ugonjwa. Mmoja wao alikuwa yule jike ambaye mvulana alimlea kwa chupa tangu alipofiwa na mama yake, na ambaye mzao wake ndiye aliyelipia sare ya mwaka huu.

Babu alitaka kuwauza mnadani. Bei ilikuwa nzuri, na mnunuzi asingejua kitu. Nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba mnunuzi naye ana wajukuu. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu akichora ardhini kwa fimbo yake. Mwishoni alikubali wachinjwe kichinjioni mbele ya mkaguzi wa nyama. Viungo vya uzazi na viwele viliondolewa, na nyama iliyopita ukaguzi iliuzwa ya kupikwa vizuri. Walipata pesa, ingawa si kama za mnadani.

Mvulana alilia siku mbili. Nyanya hakumkataza. Alimwambia kwamba mchungaji mwema hajulikani wakati mbuzi ni wazima.

Siku niliyowatembelea alikuwa katika wiki ya tano ya dawa. Hachechemei tena, na amerudi shuleni. Alinionyesha mahali alipoziandika siku za dawa kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, akifuta moja kila asubuhi. Zilikuwa zimebaki tisa. Nilipokuwa nikiaga, dada yake aliniletea mayai sita yaliyofungwa katika gazeti, naye akaniuliza kama na kuku nao hupimwa damu.

Nilimjibu kwamba kwa leo inatosha kuwajengea banda.

Msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna homa isiyoisha, usisubiri daktari aulize. Mwambie kuhusu mbuzi.